Msumeno wa pembe wa kubebeka: kwa nini nilichagua bledi ya milimita 216

Kazi yangu ni umaliziaji: skatingi, fremu za milango, mikanda ya dari, mbao za ngazi. Leo niko ghorofa ya tatu, kesho kutwa niko kwenye nyumba ambayo hata vitasa havijafungwa. Nilipotafuta msumeno wa kukata pembe, ule ambao kichwa chake kinageuka kushoto na kulia na pia kinalala ubavu, nilianza na swali moja tu: nikiubeba, nikaushusha, nikaubeba tena, digrii 45 itabaki kuwa 45? Nimeshautumia kwa kazi za kila namna, na bado naona hilo ndilo swali la kuamulia ununuzi. Nguvu ya mota, taa na mikoba ya vumbi vije baadaye.

Bledi za mashine hizi huja zaidi kwa ukubwa wa milimita 216, 254 au 255, na 305. Mafundi wengi huvutwa na ile kubwa, na mwenye karakana sina neno naye. Lakini mashine ya 305 yenye kichwa cha kuteleza mara nyingi hupita kilo 25. Ukiwa peke yako na ngazi ni nyembamba, utaigonga ukutani, na ukiigonga mara mbili tatu vipimo vyake huanza kuyumba. Wangu una uzito wa chini ya kilo 15. Naubeba kwa mkono mmoja na sanduku la vifaa kwa mkono wa pili, na kichwa kimefungwa chini kwa pini yake.

Nilisita zaidi kwenye suala la kuteleza. Kuna mashine ambazo kichwa kinashuka tu, hakivutwi mbele. Makita LS1040 ni mfano mzuri: bledi ya milimita 255, uzito wa kilo 11 hivi, na kwa kuwa haina vyuma vya kutelezea kuna sehemu chache za kulegea. Ila ubao mpana kuliko milimita 130 na ushee haukatiki kwa pigo moja, na ukigeuza kichwa hadi digrii 45 upana huo unapungua sana. Upande wa pili kuna mashine kama Metabo KGS 216 M, kilo 13.5, ambayo bledi yake ni ndogo lakini inateleza na kukata ubao wa hadi milimita 305. Kwa kilo mbili na nusu za ziada unapata zaidi ya mara mbili ya upana. Mimi nakata rafu na mbao za ngazi karibu kila kazi, kwa hiyo nikaenda na 216 ya kuteleza. Fundi wa skatingi na fremu peke yake angekuwa na haki kabisa ya kuchagua isiyoteleza, na angepata mashine ngumu zaidi kuharibika.

Ukienda kuikagua, fungua kichwa, kivute mbele hadi mwisho, kisha ushike mpini na ukisukume kushoto na kulia kwa kidole gumba bila kukaza. Kikicheza hapo, kitacheza na kwenye ubao, tena wakati huo bledi itakuwa inazunguka mizunguko 5,000 kwa dakika. Nilikataa mashine moja kwa sababu hiyo tu, ingawa ilikuwa na mota kubwa kuliko niliyonunua. Angalia pia vyuma vya kutelezea vinatokea wapi. Vikitokeza nyuma, huwezi kuisogeza mashine ukutani, na kwenye chumba kidogo hilo linakera kila saa.

Sasa usahihi wenyewe. Kosa la nusu digrii kwenye ubao wa upana wa milimita 100 linaacha karibu milimita 0.9. Ukiunganisha vipande viwili vyenye kosa hilohilo, ufa unakaribia milimita 2, na huo mwenye nyumba anauona akiwa amesimama mlangoni. Kwa hiyo kila nikifika eneo jipya, kabla sijakata ubao wa mtu, nachukua kipande chakavu kipana chenye kingo mbili zilizonyooka na kulingana. Nakikata katikati kwa digrii 0. Kisha nusu moja naiacha ilivyo, nusu ya pili naipindua chini juu, na nazisukuma zote mbili zikutane zikiwa zimeegemea ukingo wa nyuma wa mashine. Zikikutana bila mwanga kupita, mashine iko sawa. Ufa ukionekana, basi ufa huo ni mara mbili ya kosa halisi, ndiyo maana hata kosa dogo linajitokeza. Skwea nayo naitumia, lakini kipimo hiki cha kupindua hakihitaji kuamini kifaa kingine chochote.

Wangu ulikuja na digrii 0 iliyonyooka vizuri, ila ulalo wa ubavu ulikuwa umepotoka kidogo. Kurekebisha kulihitaji ufunguo wa pembe sita na uvumilivu: kuna skrubu mbili za kuzuilia, moja ya digrii 0 na nyingine ya 45, unalegeza, unaweka skwea kwenye mwili wa bledi (siyo kwenye meno, kwa kuwa meno yametokeza pembeni na yatakudanganya), halafu unakaza. Tangu hapo umekaa. Usiogope mashine inayohitaji marekebisho siku ya kwanza. Ogopa isiyo na mahali pa kurekebishia.

Kitu ambacho maelezo ya kwenye boksi hayakigusi ni vile vituo ambavyo kichwa hujifunga chenyewe: 0, 15, 22.5, 30 au 31.6, na 45. Vinaharakisha kazi mno. Lakini kuta hazijengwi kwa digrii 90 kamili. Kona ya 89 inataka kila kipande kikatwe kichwa kikiwa kwenye 45.5, na hapo mashine nyingi hukunyima raha, kwa kuwa ukikaribia 45 kichwa kinavutwa kirudi kwenye kituo chake. Tafuta yenye kitufe cha kukizima kituo, na yenye mpini wa kukaza unaoshika kweli. Nakaza, kisha naupiga mpini kwa kiganja. Alama ikisogea, mashine hiyo haifai kwa kona.

Kulala ubavu nilikuwa nakuhitaji zaidi kwa mikanda ya dari. Mkanda mdogo unaweza kuusimamisha ukiwa umepinduliwa kwenye ukingo wa nyuma, ukakata kwa digrii 45 za kawaida bila kulaza kichwa. Mkanda mkubwa hausimami kwenye mashine ya 216, kimo chake cha kukata ni milimita 65 hadi 70 tu. Huo unaulaza chali mezani na kutumia pembe mbili kwa pamoja. Kwa mkanda ambao mgongo wake una pembe za 52 (upande wa dari) na 38 (upande wa ukuta), kwenye kona ya 90, unageuza kichwa 31.6 na kukilaza 33.9. Kwa ule wa 45 na 45, unageuza 35.3 na kukilaza 30. Angalia kama kipimo cha mashine unayoitaka kina alama za namba hizi. Changu kina 31.6 na 33.9, nyingine naitafuta kwa jicho, na kwa kuwa mistari ya kipimo cha ulalo ni minene na imebanana, hapo ndipo ninapopoteza muda. Kama kuna eneo moja ambalo mashine yangu ingeboreshwa, ni hilo. Tena inalala kushoto tu, kwa hiyo mkanda wa upande wa pili lazima niugeuze. Zinazolala pande zote mbili zipo, na uzito wake huwa mkubwa zaidi.

Bledi iliyokuja nayo ilikuwa ya kazi za jumla. Inakata, lakini upande wa nyuma wa ubao unachanika nyuzi. Niliweka ya meno 60 yenye ncha za kabaidi, na meno yake yameelemea nyuma kidogo ili yasiukwapue ubao wakati wa kusukuma. Kwenye plaiwudi yenye veneer, yaani tabaka jembamba la mbao juu yake, tofauti ilionekana kwenye mkato wa kwanza. Kabla ya kununua bledi, hakikisha tundu la katikati linaendana na mashine yako, milimita 30 kwa yangu, na kwamba kasi iliyoandikwa kwenye bledi si ndogo kuliko ya mashine. Hili la kasi lisipuuzwe.

Taa inayotupa kivuli cha bledi juu ya ubao imenisaidia kuliko leza niliyowahi kuitumia kwenye mashine nyingine. Leza inahitaji kulinganishwa na hupotea juani. Kivuli kinaonyesha upana halisi wa bledi, uwe umeweka nene au nyembamba, na hakuna cha kulinganisha.

Mkoba wa vumbi, kwa kweli, haufanyi mengi. Vumbi jingi linatoka nyuma na kutapakaa. Ninaunganisha mashine ya kufyonza vumbi, na barakoa sivui hata hivyo. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeliorodhesha vumbi la mbao tangu 1995 kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na sisi tunalivuta kila siku ya kazi. Kata nje panapowezekana.

Ya betri niliifikiria. Kwenye nyumba isiyo na umeme ni ukombozi, na zile za betri mbili za volti 18 zinakata mbao ngumu bila kulalamika. Nilibaki na ya waya kwa sababu nakata mfululizo. Ukichukua ya waya, nunua na waya mnene wa kuongezea, na uukunjue wote hata kama plagi iko karibu, maana ukiwa umeviringishwa unapata joto. Waya mwembamba na mrefu unaipunguzia mota nguvu, nayo huungua mapema.

Mikono yangu naiweka sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye bledi, na kipande kifupi kuliko hapo nakibana kwa klampu. Kwenye kuteleza, navuta kichwa mbele kwanza, nashusha, kisha nasukuma kuelekea ukingo. Nikimaliza naachia swichi na kusubiri bledi isimame ikiwa chini, ndipo nainua. Ukiinua ikiwa bado inazunguka, inaweza kukinyanyua kipande kilichokatika na kukirusha usoni.

Anayekata nguzo za milimita 100 kwa 100 asichukue 216. Ataigeuza nguzo na kukata mara mbili, na mikato hiyo mara chache hukutana vizuri. Huyo aende kwenye 305 na atafute wa kumsaidia kubeba. Na yeyote atakayechagua mota ya kaboni, yaani yenye vipande vidogo vya kupitisha umeme ambavyo hulika kwa kusuguana, aulize kabla ya kulipa kama kaboni za modeli hiyo zinauzwa peke yake, na kama kifuniko chake kinafunguka kwa bisibisi kutoka nje. Changu kinafunguka hivyo, na kubadilisha kaboni hakukunilazimu kuondoka kwenye eneo la kazi.