WCCP au PBR: ipi ipeleke trafiki kwenye kashe?

Swali haliishi kwa mafundi mitandao wanaoendesha Squid (programu ya kashe, yaani ya kuhifadhi nakala za kurasa za wavuti): ruta ielekeze maombi ya poti 80 (HTTP, kurasa zisizofumbwa) kwa WCCP, itifaki ya ruta na kashe kuwasiliana, au kwa PBR, yaani kanuni unazoandika mwenyewe za kuchagua njia?

Kwa gharama, PBR iko mbele. Hata ruta ndogo ya MikroTik inaiweza. WCCP ni itifaki ya Cisco, na nje ya hapo vifaa vyake ni vya kutafuta.

Ila kashe ikizima usiku wa manane ndipo utajua tofauti. Kwenye WCCP, kashe huipelekea ruta salamu kila sekunde 10 kupitia poti ya UDP 2048. Zikikatika kwa takriban sekunde 30, ruta huiondoa na watu wanaendelea kuvinjari. PBR tupu haina habari: inazidi kupeleka pakiti kwa seva iliyokufa, kurasa hazifunguki, simu zinaanza kuita. Ukaguzi lazima uuongeze wewe.

Matunzo? PBR ni mistari michache. WCCP mara nyingi inataka handaki la GRE (pakiti kufungiwa ndani ya pakiti nyingine) upande wa seva ya kashe ya Linux, lakini kashe ya pili ikija, mzigo unagawanywa wenyewe.

Ofisi yenye kashe moja na fundi jirani, PBR inatosha. Mtoa huduma mwenye kashe kadhaa na ruta za Cisco, ningeanza na WCCP. Pima kwanza poti 80 imebaki na trafiki kiasi gani. HTTPS hupita imefumbwa, kashe haiihifadhi.