Pampu Haikuwa Imekufa: Yaliyonikuta na Canter ya Marehemu Baba

"Mama, wewe leta hela tu, mambo ya pampu tuachie wanaume."

Nimeambiwa hivyo mchana kweupe, mbele ya utingo wangu na muuza kahawa, kwenye gereji moja kubwa tu hapa Mwanza. Jina silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua. Na aliyesema anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho.

Gari ni Canter ya zamani, ambayo baba alikuwa akibebea dagaa pale mwaloni Kirumba. Alipofariki ikabaki uani kwetu Igombe, juu ya mawe kwa maana zote mbili: haitembei, na tairi zilitolewa ikaegemezwa kwenye mawe, ambayo huku kwetu hayanunuliwi. Ikakaa miaka mitatu, labda minne, tenki likiwa nusu. Lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, 2025, nikasema sasa basi. Kusubiri kivuko kumekwisha, mzigo wa Sengerema naufuata mwenyewe.

Nikanunua betri, nikamwaga lita 20 za dizeli mpya juu ya ile ya zamani (hilo kosa ni langu, nalikiri). Ikawaka! Nilipiga vigelegele peke yangu uani. Lakini sijafika hata uwanja wa ndege ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Ukiiacha nusu saa inawaka vizuri kama haijawahi kuugua, halafu mbele kidogo inazima tena. Tukaivuta hadi gereji.

Fundi mkuu hakufungua hata kifuniko cha tenki. Alisikiliza stata akiwa kwenye kiti chake, akatoa hukumu: pampu inayosukuma dizeli kwenye injini imekufa, milioni moja na laki mbili. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, je, tumehakikisha dizeli inafika kwenye hiyo pampu? Hapo ndipo alipotamka ile kauli.

Jamani, mimi nimekulia kwenye kiti cha utingo cha gari hilo. Nilikuwa namwona baba akilegeza skrubu ya juu ya filta, anapampu kwa mkono, povu linatoka, anaendelea mpaka dizeli itoke safi bila viputo, ndipo anakaza. Hewa kwenye njia ya mafuta ya dizeli naijua kabla fundi huyo hajaanza kunyoa ndevu. Lakini nililipa kianzio cha laki mbili. Ndiyo, nililipa. Ukiambiwa jambo kwa sauti kubwa mbele za watu unajikuta umeshafungua pochi.

Ikafuata kesho, kesho kutwa, njoo Ijumaa. Kila nikienda Canter iko palepale, hata nati haijaguswa. Siku moja nimefika bosi ameenda kula, kijana mmoja wa kujifunza akanisogelea. "Mama shikamoo. Samahani, naomba nikuonyeshe kitu."

Alichukua dumu la lita tano lenye dizeli safi, akalifunga juu zaidi ya injini, akachomoa mpira unaotoka kwenye tenki na kuweka wake unaotoka kwenye dumu. Mpira wa mafuta yanayorudi nao akauelekeza humohumo kwenye dumu. Akatoa hewa kama alivyokuwa akifanya baba, nikabaki nimeshika mdomo. Tukawasha. Nusu saa nzima kwa saa yangu, haikukohoa hata mara moja! Pampu iliyokufa, eti.

Kwa hiyo ubovu ulikuwa nyuma, upande wa tenki. Alipofungua kifuniko, likavuta hewa: fyuuu! Kale kabomba ka kupumulia nyigu walikuwa wamekaziba kwa udongo, kamejaa kama kamepigwa plasta. Mafuta yakitoka hakuna hewa ya kuingia mahali pake, tenki linajinyonga lenyewe mpaka dizeli inagoma kuja. Ukipumzisha, hewa inapenya taratibu, gari linawaka. Tukamwaga mafuta kwenye beseni. Chini maji, maana tenki nusu tupu kando ya ziwa miaka yote hiyo unyevu hugeuka matone, na kati ya maji na dizeli kumeota ute mweusi unaoteleza kama bamia. Chujio la bomba la kunyonyea lilikuwa limevaa ute huo kama soksi.

Nisimwonee bosi. Nimekuja kuelezwa kwamba pampu iliyochakaa nayo huweza kukataa ikipata moto na kukubali ikipoa, kwa hiyo dhana yake haikuwa ya kijinga. Na tenki walilisafisha vizuri mno, wakabadilisha filta na mpira uliopasuka, gari likatoka linanguruma kwa adabu. Nikafikia hata kusema moyoni, aa, si wabaya hawa.

Kisha bosi akarudi, anachokonoa meno, akatazama beseni akasema, "Si nilisema tangu mwanzo ni mfumo wa mafuta?" Akaandika elfu themanini ya kusafisha tenki. Nikamwambia ikatwe kwenye kianzio. Akajibu kianzio kilikuwa cha pampu, na hela ya kianzio hairudi. Pampu ipi, ndugu yangu? Uliyoigusa lini?

Kwa hiyo usiende. Au nenda saa ya chakula cha mchana, umuulize yule kijana. Nilimpa elfu thelathini akazipokea kwa mikono miwili, "wabeja mama", wakati nilitamani kumpa zile laki mbili zote.

Canter imeshavuka daraja mara nne. Ule udongo wa nyigu nimeuhifadhi kwenye kopo la kahawa. Wiki hii nakwenda tena kudai hela yangu; gari nitaliegesha mlangoni pake bila kulizima, na kopo nitaliweka mezani.