Mikusanyiko ya Jim Reeves: Upi Ununue Kwanza, Upi Uuache Dukani

Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40, baada ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe kuanguka karibu na Nashville wakati wa mvua kubwa. Tangu siku hiyo mikusanyiko ya nyimbo zake haijakoma kutolewa: santuri, kanda, diski, na sasa orodha zisizo na mwisho katika programu za kusikilizia muziki. Nchini Kenya, ambako muziki wa kantri una wapenzi wengi na ambako nyumba nyingi hazisherehekei Krismasi bila sauti yake, mtu anayetaka kumnunulia mzazi wake zawadi hujikuta mbele ya majalada kumi yenye picha ileile na ahadi ileile ya vibao bora. Mwongozo huu unayapanga machaguo hayo kuanzia lililo bora hadi lisilofaa, na kipimo chake kikuu ni kimoja: rekodi zilizomo zilitoka wapi na lini. Idadi ya nyimbo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada haituambii lolote la maana.

Chukua mikusanyiko yoyote mitatu, uigeuze, na usome migongo yake ukiwa na kalamu mkononi. Utakuta «He'll Have to Go», «Four Walls», «Welcome to My World», «Adios Amigo» na «Am I Losing You» katika karibu kila mmoja, kisha nyimbo chache za kujazia ambazo ndizo pekee zinazoutofautisha mkusanyiko mmoja na mwingine. Kwa hiyo anayenunua mkusanyiko wa pili analipa bei kamili kwa ajili ya nyimbo tano au sita mpya, na anayenunua wa tatu huenda akapata mbili. Hata wimbo uleule hauna hakika ya kuwa rekodi ileile: «Am I Losing You» ulipata mafanikio mwaka 1957, na Reeves akaurekodi upya mwaka 1960 kwa mtindo laini zaidi, lakini majalada mengi hayasemi umewekewa upi. Jalada linalotaja mwaka wa kila rekodi na jina la studio linastahili kuaminiwa kuliko lile linalotaja jina la msanii peke yake.

Sababu kubwa ya wingi huu ni ya kisheria. Barani Ulaya ulinzi wa hakimiliki ya rekodi za sauti ulikuwa wa miaka 50, na ulipoongezwa hadi miaka 70 mwaka 2013, rekodi zilizokuwa zimetolewa kabla ya mwaka 1963 zilikuwa zimekwisha kutoka kwenye ulinzi huo na hazikurudishwa. Kampuni yoyote ya huko inaweza kuzichapisha bila kumlipa mwenye rekodi. Ndiyo maana seti za bei nafuu za Jim Reeves hukoma ghafla mwaka 1962, na mnunuzi asiyelijua hilo hushangaa kwa nini diski nne nzima hazina «I Guess I'm Crazy» wa mwaka 1964 wala «Distant Drums», wimbo uliotolewa mwaka 1966 na kukaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki tano, miaka miwili baada ya mwimbaji wake kuzikwa. Seti hizo si wizi na baadhi yake zimetengenezwa vizuri, lakini zinaeleza maisha ya msanii yakiwa na sura ya mwisho iliyong'olewa.

Nafasi ya kwanza, kwa mtu ambaye hana chochote, ninaipa mkusanyiko mmoja uliotolewa na RCA, kampuni iliyomrekodi tangu mwaka 1955 na inayomiliki kanda za asili, ambayo sasa iko chini ya Sony. «The Essential Jim Reeves» wa mwaka 1995 ni mfano mzuri. Faida ya kanda za asili husikika mara moja ukiuchezesha «He'll Have to Go», uliorekodiwa mwezi Oktoba 1959 chini ya usimamizi wa Chet Atkins. Sikiliza mwanzo wake: besi inatembea polepole, piano ya Floyd Cramer inagusa noti chache tu, vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, inalia kwa mbali, na sauti ya Reeves iko karibu na maikrofoni kiasi kwamba unasikia pumzi kabla ya sentensi. Katika nakala iliyosafishwa kupita kiasi ili kuondoa kelele za kanda, vibrafoni hupotea kabisa na pumzi ile hukatwa. Kinachobaki ni sauti nzuri ya mwanamume asiyekuwa na chumba anachoimbia. Wimbo huu ulifika nafasi ya pili katika chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1960, jambo kubwa sana kwa mwimbaji wa kantri wa wakati ule, na haukufika huko kwa kelele. Ulifika kwa sababu ya utulivu huo, na ndio unaoulipia.

Nafasi ya pili si ya mkusanyiko. Ukishakuwa na vibao vikuu, fedha inayofuata iende kwenye albamu zenyewe, kwa kuwa Reeves alikuwa mwimbaji wa albamu kuliko mikusanyiko inavyotufanya tuamini. «A Touch of Velvet» ya mwaka 1962 ina mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na «Welcome to My World», ambao kwenye mikusanyiko husikika kama utangulizi wa kitu kisichokuja, unapata humo mahali pake. «We Thank Thee», pia ya mwaka 1962, ni albamu ya nyimbo za injili yenye «This World Is Not My Home», wimbo ambao waumini wengi wa Afrika Mashariki waliujua kanisani kabla ya kumjua mwimbaji. Kwa mzazi mcha Mungu ningenunua hii kabla ya vibao vyote. Kisha kuna «Twelve Songs of Christmas» ya mwaka 1963. Ukitaka sauti ya Desemba, inunue nzima, usikubali nyimbo mbili zilizopachikwa mwishoni mwa mkusanyiko. Na hapa zile seti za bei nafuu nilizozieleza zinapata heshima yao, kwani baadhi yake huweka albamu nane kamili za kabla ya 1963 kwenye diski nne, kwa mpangilio wake wa awali. Seti ya namna hiyo, ikiwa inataja majina ya albamu na miaka yake, inampa msikilizaji mengi kuliko mikusanyiko mitano, na kitakachokosekana ni albamu ile ya Krismasi pamoja na kazi za mwisho kama «Moonlight and Roses» ya mwaka 1964.

Nafasi ya tatu ni ya wachache. Kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilitoa mwaka 1994 sanduku la diski 16 liitwalo «Welcome to My World», likifuata rekodi za Reeves kwa mpangilio wa miaka. Ni kazi ya upendo na ya elimu, na bei yake ni ya juu. Anayesikiliza zilipendwa Jumapili jioni halihitaji. Anayetaka kusikia jinsi mwimbaji wa «Mexican Joe» wa mwaka 1953, aliyekuwa akipaza sauti kama wenzake wote, alivyogeuka kuwa yule wa kunong'ona aliyeimba «Four Walls» mwaka 1957, hatapata pengine kwa ukamilifu kama huu.

Kwa wenye gramafoni, santuri za zamani za RCA ziitwazo «The Best of Jim Reeves», ambazo zilitoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1964, bado zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, na nafasi ya nne ni yao. Iinamishe santuri chini ya mwanga kabla ya kulipa. Mikwaruzo inayoonekana si mibaya kama kijivu kilichofifia kwenye mifereji, ambacho ni alama ya sindano butu na hakiondoki kwa kuosha. Angalia pia namba ya santuri. Ikiishia na herufi «e» ndani ya mabano, maana yake rekodi ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti, iligeuzwa kiwandani ionekane kama sterio, yaani ya mikondo miwili, na matokeo yake ni mwangwi usiopendeza unaomsogeza Reeves mbali nawe. Nakala ya mono halisi ya wimbo huohuo ni bora, hata ikiwa na kelele kidogo za mikwaruzo.

Nyimbo zilizotengenezwa baada ya kifo chake zinahitaji tahadhari. «Distant Drums» wenyewe ulikuwa rekodi ya majaribio tu, aliyoimba kwa ajili ya mtunzi wake, Cindy Walker, na okestra ikaongezwa baadaye. Ulifanikiwa kwa sababu uimbaji ulikuwa kamili tangu mwanzo, nami ningeutaka katika mkusanyiko wowote. Si kila kilichofuata kiko hivyo. Mwaka 1981 sauti yake iliunganishwa na ya Patsy Cline, mwimbaji mwenzake wa kantri aliyefariki katika ajali ya ndege mwezi Machi 1963, katika «Have You Ever Been Lonely», ingawa wawili hao hawakuurekodi pamoja. Kama ufundi wa studio, ni kazi ya kustaajabisha. Kama muziki, kila mmoja anaimba na mtu asiyemsikia, na mimi husikia pengo hilo kila mara. Mkusanyiko uliojaa nyimbo za namna hii, zikiwemo zile alizoongezewa sauti ya mwimbaji Deborah Allen, ninauweka chini ya mingine yote iliyotajwa.

Chini zaidi kuna vitu viwili tu: diski zisizo na jina la kampuni wala mwaka, na flashi za nyimbo mia mbili zinazojazwa vibandani. Flashi hizo mara nyingi huwa na wimbo mmoja mara tatu chini ya majina tofauti, na faili zilizobanwa mno hadi besi ikawa mngurumo. Kwa anayelipia programu ya kusikilizia muziki kila mwezi, usianze na orodha ya vibao inayojitokeza kwanza. Fungua ukurasa wa msanii, ushuke hadi kwenye albamu, na uchague zile zenye jina la RCA au Sony chini yake. Utafutaji huo hauongezi bei hata senti.