Mkasi wa makali yanayopishana: ndo ulioniokolea mawaridi yangu

Nimeutumia miezi minane sasa, kwa hiyo naongea kitu nachokijua. Nina miwaridi ile ya mti, shina moja refu karibu mita moja halafu maua yote yako kichwani, na mwanzo nilikua naipogoa na mkasi wa aina ile nyingine, wa kisu kimoja kinachoshukia kwenye bamba. Ule kwa matawi mabichi hapana kabisa, unaponda. Unaona tawi limekatika, ukisogea karibu ganda limebonyea na kupasuka pembeni, na kwangu baada ya wiki chache weusi ukaanza kushuka toka kwenye vidonda, matawi manne yakafa, iliniuma sana.

Huu wa sasa makali yanapishana na kidonda kinatoka safi. Ila ushike vizuri: upande wa kisu chembamba ukae kwenye tawi linalobaki, ile ndoana nene ibonyeze kipande cha kutupa. Kwenye boksi hawajaandika hilo na ni jambo kubwa, wangeandika.

Kuokoa nilifanya hivi, nilirudi nyuma kwenye kila tawi jeusi kidogo kidogo, nakata sentimita mbili naangalia moyo wake, kahawia, nakata tena, bado kahawia, mpaka nikakuta weupe. Hapo natafuta jicho (kale kauvimbe kwenye tawi ambako chipukizi hutokea) linaloangalia nje nakata nusu sentimita juu yake, kwa mshazari. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho kinakauka na weusi unaweza kuendelea kushuka. Na kabla ya kuhamia mti mwingine nafuta makali kwa spiriti, kila mara.

Sasa kuna mti wa tatu ambao hakuna mkasi wa kuusaidia. Fundi bustani niliemuita aliukata chini ya pale ulipobebeshwa, yaani pale waridi lilipounganishwa juu ya shina la waridi jingine, eti ulingane na wenzie. Jamani pale juu ndo waridi lenyewe lilipo, chini yake ni shina mama tu, lile la kubeba! Umechipua kwa nguvu kweli lakini umetoa viua vidogo vyeupe, na mimi nilipanda la njano. Angalieni lile fundo la kubebesha juu ya shina kabla hamjaruhusu mtu akate, na maotea (machipukizi ya shina mama) yakitokea chini yake yang'oeni kwa mkono yangali laini, ukiyakata na mkasi yanarudi.

Ubaya wa mkasi wenyewe: kitasa kinajifunga katikati ya kazi, kinakera, na tawi likizidi unene wa kidole gumba usilazimishe, makali yanaachana, chukua msumeno mdogo. Springi bado nzima, kutu hakuna maana naufuta na kuutia mafuta.

Nyota nne, moja nimeitoa sababu ya kitasa. Ile miwili iliyopondwa, leo asubuhi nimehesabu machipukizi, mmoja una tisa mwingine matano, yote bado mekundu.