Darasa la jioni la Kiingereza karibu na Tom Mboya: lipia walimu, kitini achana nacho

Mimi huuza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi. Mwaka 2011 nilipata D+ ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na hiyo gredi imenirudisha nyumbani kutoka vyuo viwili. Sasa narudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, na kwa miezi miwili nimekuwa nikihudhuria darasa la jioni kwenye jumba moja karibu na barabara ya Tom Mboya. Ghorofa ya nne, lifti ilikufa zamani. Jina la kituo silitaji kwa sababu malalamiko yangu mwenye kituo ameshayasikia kutoka kinywani mwangu.

Bei ni 4,500 kwa mwezi, Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo hadi saa mbili kasorobo usiku. Tangazo lilisema wanafunzi 15. Jioni ya kwanza nilihesabu 38, wengine wamekalia kingo za madirisha. Stima ikipotea tunawasha tochi za simu. Chini yetu ni steji, kwa hiyo kifungu cha ufahamu unakisoma huku makanga wakiita watu wa Githurai.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonichoma ni kitini cha msamiati. Ni lazima ukinunue, shilingi 600: fotokopi iliyofifia yenye maneno 500 magumu ya Kiingereza, kuanzia A hadi Z. Kila Jumatatu tuliyasoma kwa sauti pamoja kama watoto wa nasari. Mimi nikayakariri kwenye matatu, hadi siku moja nikamwambia mteja kwamba bei yangu ya brekipedi ni "magnanimous", neno la kumsifia mtu mwenye moyo wa ukarimu. Akaenda duka jirani.

Kisha likaja jaribio la kujaza mapengo, lile la alama 10 kwenye karatasi ya kwanza. Hakuna pengo hata moja lililotaka neno la kitini. Yalitaka "of", "which", "although", "been", vineno ambavyo hakuna aliyewahi kutuambia tuvitazame. Nilipata 3. Aliyepata 8 ni dada anayeuza mandazi nje ya jumba hilohilo. Kitini hakununua, yeye husoma gazeti kwanza ndipo alifungie mandazi.

Sasa niseme kwa nini bado napanda hizo ngazi. Jumatano hufundisha mama mmoja mstaafu, mfupi, mwenye kalamu nyekundu mbili, moja ikiwa ya akiba. Nilimpa insha yangu ya kwanza nikijua imejaa maneno mazito. Akaisoma nimesimama palepale. Alipomaliza akaniuliza, "Baba Shiko, hii uliiwaza kwa lugha gani?"

Alikuwa amezungushia duara kila "but" iliyotanguliwa na "although". Kwetu ukisema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alienda kazini" hakuna atakayekushika shati. Kiingereza kinataka uchague moja. Dada yangu, niliyemwandika kwenye hiyo insha, alianza kama "she", akawa "he" aya ya pili, akarudi "she" akiwa hospitalini, maana sisi "yeye" inatutosha. Nilikuwa pia nimeandika "I borrowed him my phone", kwa sababu kuazima ni kuazima, uwe unatoa au unapokea. Na ile "sivyo?" yetu, ambayo unaibandika mwisho wa sentensi yoyote, kwa Kiingereza inabadilika kila mara: haven't you, won't they, didn't she. Mimi kote nilikuwa nimeweka "isn't it".

Akaniambia nitenge kurasa za nyuma za daftari, kushoto niandike Kiswahili kilichonijia, kulia Kiingereza alichosahihisha. Nimejaza kurasa nne. Tangu 2011 nimekuwa nikidhani nilianguka kwa kukosa maneno makubwa.

Alhamisi ni fasihi, na hapo nilianza kwa kununa. Wiki mbili za kwanza kijana anayetufundisha alituletea A Doll's House, tamthilia ya Ibsen ya mwaka 1879, iliyowahi kuwa kitabu teule cha mtihani lakini haimo tena kwenye orodha. Nikamuuliza kama pesa yangu inalipia historia. Akasema tusome polepole pale Krogstad, mkopeshaji, anapomletea Nora, mke aliyekopa kwa siri, hati ya mkopo yenye saini ya babake Nora kama mdhamini, na atakayeona kasoro asimame.

Kimya. Halafu dada mmoja anayefanya kazi kwenye kaunta ya Sacco akasimama. "Mwalimu, huyu baba amekufa tarehe 29 Septemba, na amesaini tarehe 2 Oktoba. Mdhamini ametoka kaburini?" Darasa likaangua kicheko, kisha mabishano yakawaka. Wanaume wawili wakasema Nora, aliyeghushi saini hiyo, ni tapeli tu. Mama mmoja akawajibu kwamba pesa zilikuwa za kumtibu mume, na kitabu chenyewe kinasema mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe, sasa angefanyaje? Kila aliyefungua mdomo alikutana na swali moja la mwalimu: "Wapi? Nionyeshe mstari." Hata makanga sikuwasikia jioni hiyo.

Tulipoingia kwenye riwaya iliyo kwenye orodha, swali hilo tayari lilikuwa kichwani. Zamani nikiulizwa kuhusu mhusika nilikuwa nasimulia kitabu kizima. Insha za vitabu teule zina alama 40 kati ya 60 za karatasi ya tatu, nami nilikuwa nazigeuza hekaya. Ya kwanza niliyompa kijana huyu ilirudi na maneno matano tu: "Hadithi naijua. Sasa jibu swali."

Lakini tuliahidiwa insha kusahihishwa kila wiki. Nimetoa nane, zimerudi tatu. Walimu wawili kwa watu 38 hawawezi, na mwenye kituo anajua.

Ukiamua kwenda, fika saa kumi na moja na nusu ukae upande wa ukuta, mbali na dirisha la steji. Jumatatu unaweza kubaki nyumbani. Na kama bado watakulazimisha kununua kitini, changu nakiuza 200, hakina hata doa la chai.