Bima ya kazini na upasuaji wa uzito wa kijana wangu: uzoefu wangu, Mtwara

Nianze na jibu ambalo wengi wenu mnalitafuta. Ndiyo, bima binafsi ya kazini inaweza kulipia upasuaji wa kupunguza uzito kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Kwetu ililipa nusu, na hiyo nusu ilikuja baada ya kukataliwa kwanza. Jina la kampuni sitalitaja. Mikataba ya vikundi hutofautiana mwajiri kwa mwajiri hata ndani ya kampuni moja, na ninachotaka mzazi mwenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi au Newala aondoke nacho ni namna jalada la mtoto linavyotakiwa kuandaliwa.

Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tulipoanza safari hii alikuwa na kilo 138 kwa urefu wa sentimita 168. Ukipiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakuja karibu 49. Kisukari cha aina ya pili alikuwa nacho tayari, presha ilikuwa inapanda, na usiku alikuwa akikoroma hadi pumzi inakata kidogo, kisha anashtuka kama mtu aliyezama. Shingoni ana ule weusi mnene ambao watu huudhani uchafu; ni dalili ya mwili kushindwa kutumia insulini vizuri. Shuleni wanamwita Bonge. Mtaani watu wazima wananisifia kwamba mtoto ana afya.

Naomba nisieleweke vibaya: huyu si mtoto aliyeachiwa chipsi na soda. Zaidi ya mwaka mzima tulihudhuria kliniki pale Mitengo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Alimeza metformini, dawa ya kisukari, akaacha soda na maandazi, akapunguza ugali, akawa anatembea na baba yake kila alfajiri. Alipungua kilo chache, zikarudi, tena na nyongeza. Upande wa baba yake wapo wengi wenye mwili huo na kisukari hichohicho. Kwa uzito wa kiwango kile mwili wenyewe unapigana na mtu anayejaribu kupungua: njaa inaongezeka na matumizi ya nishati yanashuka. Nilipoelezwa hivyo na daktari, nilikasirika kwa niaba ya mwanangu kwa maneno yote aliyowahi kuambiwa.

Daktari ndiye aliyetamka upasuaji. Huku kwetu ukitaja kupunguza uzito hospitalini, mtu anawaza puto la Hospitali ya Mloganzila, Dar. Puto linaingizwa tumboni kupitia mdomoni kwa mpira wenye kamera, halikati kitu, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Upasuaji tulioshauriwa sisi ni mwingine: sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, karibu robo tatu au zaidi, inakatwa na kuondolewa, kinabaki kifuko chembamba. Kilichokatwa hakirudishwi tena. Mimi kama mama, hilo neno la kutokurudishwa lilininyima usingizi, nikaanza kusoma na kuulizia kila nilichoweza.

Nilichokuta kilinitia moyo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa Januari 2023, kinashauri vijana wa miaka 13 na kuendelea wenye unene uliokithiri wapewe rufaa ya kutathminiwa kwa upasuaji. Upo pia utafiti uitwao Teen-LABS, wa hukohuko Marekani, uliofuatilia vijana 242 waliopasuliwa. Matokeo ya miaka mitatu yalichapishwa 2016: kwa wastani walikuwa wamepungua asilimia 27 ya uzito wao, na kati ya waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, karibu wote kilikuwa kimetulia. Utafiti huohuo unasema wazi kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na baadhi walihitaji kufanyiwa utaratibu mwingine wa tumbo baadaye. Nilimsomea kijana yote mawili, zuri na baya, kwa sababu tumbo ni lake.

Sasa bima. Kadi na kile kijitabu cha kurasa chache havitoshi. Nilimwendea afisa utumishi wetu nikaomba mkataba kamili, pamoja na jedwali la mafao na orodha ya yasiyolipiwa. Mwajiri ndiye mwenye mkataba, na mfanyakazi anaweza kuomba kuona anachokatiwa. Humo nikakuta mstari mmoja unaoondoa "matibabu ya unene, kupunguza uzito na urembo". Yaani mtoto anayekatika pumzi usingizini wamemweka kapu moja na mtu anayetaka kunyoosha pua. Mstari huo ndio uliotukwamisha. Hospitali ya Dar, ambako upasuaji ungefanyika, ilipotuma ombi la kibali, jibu lilirudi fupi kabisa: huduma haimo kwenye mkataba, na mgonjwa ana umri chini ya miaka 18.

Hilo la umri lilinishangaza, mpaka nilipojua kwamba hata Marekani, ambako upasuaji huu kwa vijana una miaka mingi, ndiyo sababu iliyotajwa zaidi. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2014 ulionyesha kwamba chini ya nusu ya vijana walioombewa walikubaliwa na bima mara ya kwanza, na sababu iliyoongoza ya kukataliwa ni kuwa chini ya miaka 18. Wengi wa waliokataliwa walikubaliwa baadaye, kwa sababu familia na madaktari walirudi tena na karatasi zaidi. Nikasema basi, na sisi turudi.

Hapa ndipo ninaomba msome taratibu.

Ombi la kwanza lilikuwa limeandikwa "unene uliokithiri" na chini yake jina la upasuaji, basi. Aliyelipokea kule kwenye bima aliona neno unene, akaangalia orodha, akafunga. Barua ya pili, ambayo daktari bingwa aliiandika upya, ilianza na kisukari. Ikaweka vipimo vya wastani wa sukari wa miezi mitatu mitatu, vyote na tarehe zake, jinsi dawa zilivyoongezwa na sukari ikabaki juu. Ikafuata presha, kisha kipimo cha usingizi kinachoonyesha pumzi inakatika mara ngapi kwa saa, kisha ini lenye mafuta kwenye picha ya ultrasaundi. Uzito ukaja mwishoni, kama chanzo kinachounganisha magonjwa yote hayo. Barua ikaeleza nini kitatokea mtoto huyu asipotibiwa: kisukari kinachoanza utotoni huwa kikali, kinawahi figo na macho. Na ikaeleza kwa nini njia nyingine hazikutosha, kliniki kwa kliniki.

Kadi zetu za kliniki za Mitengo zilituokoa. Kila hudhurio lilikuwa na uzito, presha, sukari na ushauri tuliopewa. Ndiyo maana nawaambia wazazi: hata kama upasuaji haumo akilini mwenu leo, hakikisheni mtoto anapimwa na inaandikwa. Zile asubuhi za kutembea kuelekea ufukwe wa Shangani, zisipokuwa kwenye karatasi, kwa bima hazikutokea.

Tuliambatanisha pia ripoti ya mwanasaikolojia, aliyekaa na kijana peke yake bila mimi. Hicho ni kitu ambacho hospitali makini itakidai hata kama bima haikidai. Anatakiwa kuthibitisha kwamba mtoto anaelewa anachokiingia, hakulazimishwa, na ana watu nyumbani wa kumsimamia. Kijana mwenyewe akaandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Sikumsaidia hata neno. Aliandika kwamba anaogopa kulala.

Barua ya tatu katika jalada ilitoka kwa mwajiri. Wengi hawaijui hii. Kwenye bima ya kikundi, mteja ni mwajiri, na anayelipa mamilioni kwa mwaka akiandika barua inasomwa na mtu mwenye madaraka. Afisa utumishi wetu aliomba jambo moja tu: ombi lipitiwe na daktari wa kampuni ya bima badala ya karani wa vibali, na majibu yatolewe kwa maandishi yenye sababu. Aliongeza kwa adabu kwamba tunafahamu uwepo wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kusikiliza malalamiko ya wateja. Huko huendi kabla ya kampuni yenyewe kupewa nafasi ya kujibu, kwa hiyo tunza kila barua na kila baruapepe.

Daktari wao alinipigia simu mwenyewe. Aliuliza maswali ya maana: nani anapika nyumbani, kijana amewahi kutumia insulini, nani atamfuatilia Mtwara wakati mpasuaji yuko Dar. Baada ya hapo ikaja barua. Upasuaji umebaki nje ya mkataba, ila kampuni itatoa malipo ya hisani: nusu ya gharama za upasuaji, usingizi wa nusukaputi na kulazwa. Vipimo vyote vya maandalizi wangelipa vizima, kwa sababu ni vipimo vya kisukari na presha ambavyo vimo. Malipo ya hisani maana yake wamekulipa bila kukubali kwamba walipaswa kukulipa, na familia inayofuata haiwezi kuidai barua yangu kama ushahidi. Hilo bado linaniuma.

Nusu iliyobaki ilikuwa zaidi ya milioni kumi. Tulikuwa na akiba kidogo, na mama mkwe yuko Tandahimba na mikorosho yake. Tukasubiri minada. Malipo yalipoingia kwenye akaunti yake kupitia chama cha msingi, alitupigia akasema, "Mkwe, mpelekeni mjukuu wangu." Mungu ampe maisha marefu.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Ulifanyika kwa matundu madogo na kamera, akaamka salama, hakulazwa muda mrefu. Kurudi Mtwara hatukupanda basi. Kilomita zaidi ya 500 kupitia Rufiji, Somanga na Mingoyo na tumbo bichi, hapana. Tiketi za ndege tulilipa wenyewe, wekeni kwenye hesabu.

Baada ya upasuaji ndipo bima yetu ilipopwaya. Vitamini na madini atameza maisha yake yote, na hazilipiwi hata senti, eti ni virutubisho. Dawa za kisukari ambazo sasa hazihitaji zilikuwa zinalipiwa kila mwezi bila swali. Kipimo cha damu cha kila baada ya miezi mitatu wanalipa, na ndicho kilichoonyesha chuma kimeshuka, akaongezewa dozi mapema.

Chakula kimebadilika kwa nyumba nzima. Wiki za mwanzo zilikuwa maji kwa funda dogodogo, uji mwepesi uliochujwa, mchuzi wa samaki bila nazi. Sasa anaanza na samaki au mayai au kunde, ugali wa muhogo unakuja mwisho kama tonge mbili. Maji hanywi wakati wa kula. Ramadhani ya kwanza daktari alimzuia kufunga, kwa kuwa hawezi kunywa maji mengi kwa mkupuo usiku ili kufidia mchana. Alihuzunika, babu yake akamweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa na siku zitalipwa akipona.

Leo ana kilo 103. Sukari yake iko sawa bila kidonge. Anakoroma, ila kwa kawaida tu, nami nalala.

Tathmini yangu ya huduma: kwa nyota tano, ninawapa tatu. Wahudumu wa simu walikuwa na subira na walinipa namba ya kumbukumbu kila mara. Daktari wao ni mtu wa kupigiwa mfano. Ninachowakata ni jibu la kwanza lisilosomwa na daktari, kipengele kinachoweka ugonjwa wa mtoto pamoja na urembo, na kwamba Mtwara hawana mtu wa kuamua lolote. Fomu halisi tulikuwa tunazituma Dar kwa basi na kuomba zisipotee njiani.

Mkataba wetu unahuishwa mwezi Julai, na huo ndio wakati ambao mwajiri anaweza kujadili masharti. Nimeshamwandikia afisa utumishi, pamoja na wafanyakazi wenzangu watatu wenye watoto wa namna hii, tukiomba neno unene litenganishwe na urembo, umri wa chini ufuate ushauri wa daktari, na vitamini za baada ya upasuaji zihesabiwe kama dawa. Dalali wa bima amesema gharama ya nyongeza ataileta kabla ya kikao cha Mei. Mkiwa na mkataba unaoanza mwezi huohuo, andikeni barua zenu sasa.