Uchambuzi: Chujio la Sponji kwa Vifaranga wa Samaki wa Dhahabu

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua kifaa kimoja, chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, na ninalipima kwa kazi moja tu: kulea vifaranga wa samaki wa dhahabu hapa nyumbani Nairobi.

Kazi hii huyashinda machujio mengi ya bei kubwa. Samaki hawa hutaga mayai yanayonata kwenye mimea, na wazazi wasipotolewa mapema huyala yote. Maji yakiwa na joto la nyuzi 20 hivi, mayai huanguliwa baada ya siku 4 au 5, na kifaranga anayetoka ni mwembamba kama kipande cha uzi, hujishikiza kwenye kioo kwa siku mbili hivi huku akiishi kwa akiba ya kiini cha yai. Chujio la mota lisilozibwa mdomo humfyonza hata kabla hajaanza kuogelea. Sponji haimdhuru.

Sogeeni karibu mtazame. Hewa inapanda katika bomba hili la katikati na kuyavuta maji yapenye taratibu kwenye sponji, ambamo hukaa bakteria wanaopunguza sumu ya amonia. Mnawaona vifaranga hawa wanavyodonoadonoa juu yake? Wanakula vijidudu na mabaki ya chakula yaliyonaswa pale. Mapovu nayo yana faida ya pekee kwetu, kwa kuwa Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, na hivyo maji hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya Mombasa yenye joto lile lile.

Kasoro zipo. Kitako ni chepesi mno, na sponji mpya huelea mpaka uikamue ndani ya maji hewa yote itoke. Kasoro inayonikera zaidi ni kwamba kifaa huuzwa bila vali ya kuzuia maji kurudi nyuma: stima ikipotea, maji yanaweza kufuata mpira hadi ndani ya pampu na kuiharibu. Nunueni vali hiyo kando, au wekeni pampu juu kuliko usawa wa maji.

Usafi unahitaji uangalifu, hasa kwa anayelisha kiini cha yai la kuchemsha, kwani huchafua maji upesi. Sponji ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, kamwe si chini ya mfereji, maana klorini huua bakteria wale wale tunaowategemea.

Kwa hiyo ninalipendekeza bila kusita. Chagueni lenye sponji mbili, ili muoshe moja wiki hii na ya pili wiki ijayo, tena lenye matundu madogo, kwa sababu katika matundu makubwa kifaranga mchanga huweza kunasa.